Jina Lililokwenda Sekondari

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wengine habari za asubuhi. Mwenyekiti kaniomba niseme kabla hamjaanza kujaza fomu za wakurugenzi wa kampuni yetu mpya ya asali. Nikizidisha muda agonge meza, maana nikianza habari hii huwa sijui pa kukomea.

Sitamtaja mtu. Hata jina nililokuwa nikiitwa miaka ile sitalitaja, kwa sababu lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai.

Nilizaliwa Goweko, baba yangu mkulima wa tumbaku. Darasa la saba nilifeli, na nilifeli kwa sababu sikusoma. Baba hakukubali. Shule ya jirani kulikuwa na binti wa darasa la saba aliyeacha kuja. Alikuwa anaumwa mguu, wamempeleka kwa shangazi yake kutibiwa. Jina lake bado lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Baba akaenda kwa mwalimu na debe la asali na jogoo. Aliporudi aliniambia, "Kuanzia leo ukiitwa jina hili, itika." Wenzangu wa rika langu mnacheka, mnayajua haya. Ilikuwa kawaida, tulikuwa tunasema mtu karudia darasa.

Baba alinifundisha kuitika kwenye bani la kukaushia tumbaku. Mimi napanga majani, yeye anakuja kimya nyuma yangu, anaita. Akiita jina la zamani nikageuka, fimbo. Akiita jipya nikachelewa, fimbo. Baada ya wiki mbili nilikuwa naitika kama mashine. Mama alikatazwa kuniita la zamani, na lile jipya hakulitaka, basi akawa ananiita "wewe". Miaka ishirini na zaidi, "wewe".

Nikafaulu, nikasoma sekondari, nikapata ukarani Tabora mjini. Baadaye mimi na akina mama wawili tukafungua kampuni ya asali, ofisi yetu Itetemia, nikawa mkurugenzi mtendaji. Nilikuwa mkali. Waliowahi kuniletea asali iliyotiwa maji wamo humu, waulizeni.

Kisha likaja sharti: kila mkurugenzi lazima aingizwe kwenye mfumo wa usajili wa kampuni kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Bila namba hiyo taarifa za kampuni hazikamiliki, na bila taarifa kukamilika sisi kibali cha kuuza asali nje tusingekipata. Mimi nilikuwa naishi kwa kadi ya mpiga kura tu. Nikaenda kujiandikisha, nikaweka vidole kwenye mashine, nikatoa vyeti. Baada ya wiki kadhaa nikaitwa. Dada wa mezani pale ofisi ya vitambulisho akaniambia kwa upole, "Mama, mtu huyu yupo tayari." Majina matatu yale yale, shule ya msingi ile ile. Anaishi Nzega, analima pamba.

Pale ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Mimi nikasema, "Huyo ni mwongo."

Ndugu zangu, nawaambia, sikusita hata kidogo. Niliandika barua ya kurasa mbili, kwamba kuna mwanamke anatumia jina langu, na huenda hata si raia, achunguzwe. Hilo la uraia nililitunga, maana najua watu wa upande wetu huu wanavyoliogopa swali hilo. Nikaambatanisha vyeti vyangu vyote. Yeye hakuwa na cheti hata kimoja. Kitambulisho chake kikasimamishwa mpaka tuitwe wote wawili, na laini yake ya simu, kwa kuwa ilisajiliwa kwa namba ile, ikafungwa. Niliposikia hivyo nilifurahi. Nilinunulia ofisi nzima soda.

Siku ya kuitwa kila mmoja aliambiwa aje na mzee anayemjua tangu kuzaliwa. Nilikwenda na mama, na njia nzima nilikuwa namfundisha la kusema. Yule mwanamke alikuja peke yake, mwembamba, anachechemea. Afisa akaita jina. Nikaitika kabla hajamaliza. Mwenzangu hakuitika, aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu uliyemkuta kavaa nguo yako.

"Mzee wako yuko wapi?" afisa akamuuliza.

"Nilikuwa nimlete mama yangu. Amefariki. Walinipigia siku mbili, simu haipatikani. Nimefika wameshazika." Hakulia. "Nilipopona mguu nilirudi shule. Mwalimu akaniambia, jina lako limeshakwenda sekondari, wewe kalime. Nimelima. Sasa mnataka niwe nani?"

Afisa akamgeukia mama yangu.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Anaitwa nani?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nasema mbele yenu, nilimkanyaga mama yangu mzazi. Mama akauvuta mguu wake, akasema jina nililozaliwa nalo. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Pole kwa msiba, mwanangu. Sisi ndio tuliokuibia."

Basi. Nilipelekwa polisi, nikaandika maelezo, vyeti vyangu vikafutwa kimoja kimoja. Wenzangu wakaniondoa kwenye ukurugenzi, na walikuwa na haki. Mtaani wakaniita Mkurugenzi Hewa, na wengine mnaniita hivyo mpaka leo mkidhani sisikii. Jela nilikuwa naiona. Yule mwanamke alipoulizwa kama anataka nishtakiwe, alijibu, "Nataka kitambulisho changu. Huyo simhitaji." Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kupata kitambulisho kwa jina langu halisi kulinichukua mwaka mzima. Mama alikula kiapo. Wazee wa Goweko walinitolea ushahidi, huku wakinisema vibaya, lakini walisaini. Yule dada wa mezani niliyemdanganya ndiye aliyenionyesha fomu moja baada ya nyingine. Mwaka huo nilikuwa nachuja asali kwenye kampuni ile ile niliyoiongoza, chini ya wanawake niliokuwa nawafokea. Na wao walinifokea.

Kitambulisho kilipotoka nikapanda basi hadi Nzega. Nilimkuta anachambua pamba barazani. Hakunikaribisha, nikasimama juani. Nikamwomba radhi kwa jina, kwa shule, kwa mazishi ya mama yake. Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Hiyo shule ilikuwaje?"

"Ipi?"

"Yangu."

Nikamsimulia, nimesimama. Nilimweleza bweni lenye vitanda vya juu na chini, na mimi nikilala cha juu karibu na dirisha. Maharage yenye wadudu. Mwalimu wa jiografia aliyechora ramani ubaoni bila kuangalia kitabu. Aliuliza sketi zilikuwa rangi gani. Aliuliza kama aliwahi kuwa wa kwanza darasani. Nikamwambia mara moja, kidato cha pili. Akaacha kuchambua, akasema, "Haya. Umemaliza? Usirudi hapa."

Nawashukuru walionishika mkono: wazee wa Goweko, dada wa mezani, na wenzangu wa kampuni walionipa ndoo na chujio badala ya kunifukuza. Namshukuru mama. Siku hizi ananiita kwa jina langu, na mimi, kwa aibu, huwa nachelewa kuitika.

Leo mtajaza fomu, na vidole vyenu vitasomwa. Najua humu ndani wamo wenye majina ya watu. Msiinamishe vichwa, sitawaonyesha kidole. Nawaomba mkaseme wenyewe, leo, kabla hamjaambiwa kuwa mtu yupo. Na mkiambiwa yupo, msimwite mwongo. Kamtafuteni mkamwone anaishije.

Wengi wakisimama hapa humalizia kwa kusema wamesamehewa. Mimi sijasamehewa. Nina kitambulisho, na nimeambiwa nisirudi, nami sirudi. Mniruhusu nikae.