Mutabazi Cyriaque, Fundi Aliyerudisha Stesheni Mahali Pake

Kabla ya kuchomoa redio ya zamani kwenye gari lolote, Marehemu Mutabazi Cyriaque alimwomba mwenye gari aiwashe na kubonyeza vitufe kimoja kimoja, huku yeye akiandika stesheni zake kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono. Akimaliza kufunga redio mpya, alizirudisha zote kwa mpangilio uleule. Wateja walimcheka. Munyaneza, dereva wa teksi wa Biryogo jijini Kigali, hakuchoka kumwambia, "Cyriaque, wewe funga redio tu, stesheni nitatafuta mwenyewe."

"Utatafuta ukiwa unaendesha? Uko na macho mawili tu, na moja huwa iko kwa brosheti za nyama kando ya barabara."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1962, Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa tatu wa hayati Rugamba na hayati Kabagwira, waliokuwa wameondoka Rwanda miaka miwili kabla. Alisoma shule ya msingi hukohuko Buyenzi, kisha akaanza masomo ya umeme katika shule ya ufundi. Mwaka 1978 baba yake alifariki. Cyriaque, akiwa na miaka kumi na sita, aliacha shule na kwenda kujifunza kwa fundi redio wa mtaani. Daftari lake la umeme alilitunza maisha yake yote.

Mwaka 1982 mzee mmoja alimletea Peugeot 504 afungiwe redio ya kaseti. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yake, Mukantwari Médiatrice. Mzee alipokuta stesheni zake zote zimerudi zilipokuwa, alimgeukia binti yake, akamwambia, "Kijana anayerudisha cha mtu kama alivyokikuta, huyo si wa kumtilia shaka." Walifunga ndoa kanisani tarehe 23 Julai 1983, wakajaliwa watoto wawili, Akimana na Régis.

Familia ilirudi Kigali Septemba 1994, na mwaka 1996 Marehemu akafungua karakana yake Biryogo. Magari yaliyomfikia yalikuwa ya zamani, nyaya zake zimeshakatwa na kuungwa na mafundi wanne au watano, hata rangi haziaminiki tena. Alipima kila waya kwa taa yake ndogo kabla ya kuuunga. Watoto wake aliwafundisha kabla hawajajua kusoma: kwenye redio mpya, waya mwekundu hulala gari likizimwa. Wa njano haulali kamwe, kwa sababu ndio unaoitunzia redio kumbukumbu yake. Régis alibaki naye karakanani. Akimana alikwenda chuo, lakini gari lake hakumpa fundi mwingine.

Machi 2024 Marehemu alimfungia Akimana redio katika Corolla yake ya mwaka 1994. Asubuhi iliyofuata Akimana aliwasha gari. Redio ililia vizuri, ila haikuwa na stesheni hata moja, na saa yake ilionyesha sifuri. Régis alifungua dashibodi, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni Mzee kweli aliyefunga hii? Amechanganya mwekundu na wa njano."

"Funga."

"Ni kazi ya dakika kumi, dada."

"Nimesema funga, Régis. Na usimwambie."

Mwezi Mei madaktari walimkuta Marehemu na uvimbe kwenye ubongo.

Kwa mwaka mmoja na nusu, siku za hospitali na siku za misa, Akimana alitoka Kagugu kwenda kumchukua nyumbani Batsinda. Kila mara alitangulia getini, akawasha gari, akatafuta stesheni sita moja baada ya nyingine, ndipo akaingia kumshika mkono. Hakutaka baba yake ajue kwamba ile mikono ilikuwa imekosea. Marehemu alikaa, akabonyeza kitufe cha pili, kwaya ikaanza kuimba. "Kazi safi," alisema, akatazama nje.

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Mukantwari Médiatrice, watoto wake Akimana na Régis, wajukuu watatu, na magari mengi ya Kigali ambayo kila kitufe cha redio kipo pale mwenye gari alipokizoea. Mungu amlaze palipo na utulivu.

Ijumaa kabla Marehemu hajaondoka, Akimana alipokuwa akimtengenezea mto, baba yake alimvuta karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa yamenyooka.

"Akimana, kila mara nilikuwa nakusikia pale getini ukizitafuta. Mwambie Régis aurudishe ule wa njano mahali pake. Hutakuwa tena na mtu wa kumficha."