Kupiga Makofi kwa Wakati Usiofaa

"Kuhusu: Kupiga Makofi kwa Wakati Usiofaa, Kidato cha Pili Mashariki." Hicho ndicho kichwa cha barua ya tarehe 19 Machi 2007, iliyotufikia kutoka shuleni tukiwa bado tunatafuta mbao za jeneza, na kwa kuwa mimi Muchiri Kibe, mdogo wa marehemu, nilikuwa karani wa masjala Kitale kwa miaka ishirini na sita, nimeona nianze nayo, maana barua isiyojibiwa haifi, watu ndio hufa.

Marehemu Mwalimu Perpetua Wakonyo alizaliwa Nyeri tarehe 2 Mei 1957, mtoto wa tatu wa mzee Kibe na mama Nyaruai, akaletwa Trans-Nzoia mwaka wa 1964 juu ya lori la viti na mbuzi, na mama alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kukaa chini vizuri. Alisoma nje kidogo ya Kitale, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, akaajiriwa kupiga chapa katika ofisi aliyoitoroka baada ya wiki tisa, akaenda Nairobi, na kati ya 1979 na 1984 akacheza katika filamu tatu, na katika zote tatu alikufa.

Katika ile ya pili, iliyopigwa kando ya mto Nzoia mwezi wa Julai 1981, alianguka matopeni akafa vizuri kabisa, kisha wapiga picha wakaenda kula bila kumwambia aamke, naye, kwa kuwa alikuwa ameonywa kwamba maiti haipepesi macho, akalala hapo karibu saa nzima, hadi mama mmoja aliyekuja kuteka maji alipomuuliza, "Wee msichana, ati umekufa ama umelewa?"

Aliingia chuo cha ualimu mwaka wa 1985, akafundisha maigizo Kitale, Webuye na hatimaye Bungoma, shule sita kwa miaka ishirini, na kwenye fomu za uhamisho, mahali pa "sababu", aliandika kila mara "hewa". Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Bwana Josphat Mukhwana wa kiwanda cha karatasi, ambaye anakiri kwamba hawakuwahi kumaliza birika moja la chai wakiwa wote wawili wameketi, wakajaliwa Nabwile na Mukhisa.

Katika kila shule aliweka sheria moja, na wanafunzi wake wa zamani walio hapa wanaijua: anayekufa jukwaani haamki mpaka apigiwe makofi, na wenzake hawaondoki mpaka aamke, ili asiachwe mtu matopeni.

Tangu 2003 alitibiwa presha, daktari akamwambia apumzike, shauri alilolipokea kwa heshima na kuliacha pale pale hospitalini. Jumanne tarehe 13 Machi, saa kumi na dakika ishirini, zikiwa zimebaki siku tisa kufika tamasha la maigizo, alikuwa ukumbini akimwonyesha mwanafunzi wake Nekoye namna ya kufa, kwa sababu Nekoye alikuwa anaanguka kama mtu anayetafuta kiti, akaanguka yeye.

Barua inasema wanafunzi thelathini na wawili, wakiongozwa na Nekoye, "walishangilia kifo cha mwalimu", na inamtaka afike mbele ya kamati Jumatatu aeleze kwa nini asifukuzwe shule. Nekoye yuko hapa, amesimama kule langoni, tangu asubuhi hajasogea karibu na jeneza, na Mwalimu Mkuu yuko hapa pia, kiti cha mbele, kwa hivyo naomba wote wawili wasikie. Daktari ametuandikia kwamba mshipa ulipasuka kichwani, na kwamba hata angeangukia mlangoni pa hospitali, asingepona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa Naitiri ambao hawajazima moto tangu wiki jana, na walimu wenzake waliokuja na hata kiti alichokuwa hakalii. Dada, leo kaa, pumzika kwa amani, hakuna fomu ya kujaza.

Na kwa ajili ya faili, iandikwe hivi. Mwalimu alianguka, wanafunzi wakapiga makofi kama alivyowafundisha, hakuamka, Nekoye akasema, "Mwalimu, si uamke sasa," wakapiga tena, mpishi akaja kuuliza kelele ni za nini, akaita gari, nao wakaendelea kupiga mpaka gari likafika. Walikuwa wakimwamsha, na hakuna aliyeondoka.