Kisu cha Kuweka Kabatini

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Masheikh na wachungaji mliotuheshimu. Wakwe zangu kutoka Chamwino. Baba yangu mzazi, Mzee Jamaldini, shikamoo. Majirani wa Ipagala na wageni wote waalikwa: assalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Mimi ni Adija, mke wa Swalihu. Niruhusuni nirudie, maana neno lenyewe bado jipya mdomoni: mimi ni mke wa Swalihu, fundi wa visu ambaye karakana yake tunaifungua leo!

Mnaviona vile vilivyolala juu ya kitambaa chekundu? Si vya kumenyea viazi. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, wamefika mjini kwetu watu wanaokusanya visu kama bibi zetu walivyokusanya vikombe vya kaure: kila kimoja na umbo lake, mpini wake wa mpingo, chuma chake kisichoshika kutu. Nani angedhani wangevifuata Ipagala?

Baba yangu hakudhani. Mnamjua, amechinja ng'ombe mnadani Chemba tangu sijazaliwa. Swalihu alipokuja kuposa, alimletea kisu king'aacho hata shangazi yangu Zuleha akajitazamia mtandio. Baba akakipitisha kwenye kano la mguu wa ng'ombe. Makali yakalala.

"Kijana," akasema, "umeniletea kijiko."

"Tena kijiko kirefu!" shangazi akadakia. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa nalia.

"Nisamehe, mzee. Nilichagua kinachong'aa kuliko vyote kwa heshima ya binti yako."

"Kung'aa hakuliwi. Asubuhi ya harusi nitachinja na kuchuna ng'ombe kwa kisu chako. Nikiomba kinoo kabla ngozi haijatoka, ndoa haifungwi mpaka upate kazi nyingine."

Ndugu zangu, mnajua nilivyokonda? Lakini mume wangu hakukata tamaa, akarudi kulinganisha vyuma vyake. Chuma cha kwanza, cha kile "kijiko", kilitoka kwenye tangi la maziwa. Ukikimwagia ndimu hakibadiliki, ila hata ukikichoma moto na kukizamisha kwenye mafuta mara utakazo, hakiwi kigumu. Cha pili ni kile cha visu vya jikoni: kinakuwa kigumu kiasi, kinanoleka upesi, na makali yanakimbia upesi vilevile, kama mchumba wa maneno mengi. Cha tatu kina kaboni nyingi, na kimeanza kupatikana Dar es Salaam miaka hii ya soko huria. Kukinoa ni jasho. Ukikiacha na damu bila kukifuta, kinaweza kuota madoa. Lakini kikishika makali, kimeshika! Mume wangu akachagua hicho, nami nilikuwa nimemchagua yeye kwa sababu hiyohiyo.

Asubuhi ya harusi baba akasema bismillah, akachinja. Akaanza kuchuna. Hata wapishi uani waliacha kukoroga.

"Kinoo hiki hapa, kaka," shangazi akamchokoza alipofika mbavuni.

"Kikalie mwenyewe."

Mbavu zikapita, mapaja yakapita, ngozi ikatoka nzima bila tundu. Baba akakifuta kisu, akanyoa nacho vinyweleo vya mkononi, akasema, "Mwiteni sheikh." Nikapiga vigelegele mwenyewe, bibi harusi mzima!

Hata hivyo, visu vya kutazamwa tu aliendelea kuviita upuuzi. Basi sikilizeni. Leo alfajiri, kabla hatujapanga viti, baba akabisha hodi.

"Swalihu, mwanangu, nifanyie na mimi kimoja. Chuma cha tatu, mpini wa mpingo, na michoro usinipunjie."

Ndiyo mara yake ya kwanza kumwita "mwanangu". Mume wangu machozi yakamlenga, akauliza, "Cha kuchinjia, baba?"

"Cha kuchinjia ninacho. Hiki ni cha kuweka kabatini. Kwani mimi sina kabati?"

Mheshimiwa Diwani, mlango ni wako, karibu utufungulie. Nanyi nyote, kwa kuniazima masikio yenu nikamsifu mume wangu mpaka nikatosheka, asanteni sana.