Kibao Shingoni mwa Mwalimu

Ninyi wa nyuma, sogeeni mbele tafadhali. Nikiona viti vitupu naanza kuongea haraka, na leo sitaki kuharakisha. Mtaniwia radhi pia nikitembeatembea hapa mbele. Wanaonijua wanajua sijawahi kutulia mahali pamoja, hata kanisani. Mungu amenivumilia hivyo hivyo, nanyi nivumilieni kidogo.

Mnaniona mwalimu wa Kiingereza hapa shule ya Ziwani, labda mnadhani nilizaliwa na chaki mkononi. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Iringa. Nilikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka hii ya tisini na begi moja na cheti cha kidato cha sita, nikafikia kwa shangazi yangu aliyeolewa mtaa wa Baba Dogo. Jirani yake alikuwa na shule ndogo ya mabati iliyokosa mwalimu wa Kiingereza. Sikuwahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Shangazi akaniambia, "Wewe nenda tu, mwanangu. Kule ni watoto."

Ndugu zangu, nawaambia, hao watoto ndio wenyewe! Darasa la sita, watoto arobaini na kitu. Sentensi yangu ya kwanza haijaisha, nasikia huko nyuma, "Ati Mtanzania ndiye atatufunza Kizungu? Si hata sisi tunamshinda!" Wakaangua kicheko. Ninyi nanyi msicheke. Walikuwa na haki, maana kwetu shule ya msingi yote nilisoma kwa Kiswahili. Kwenye karatasi nilikuwa hodari, lakini mdomoni Kiingereza kilikuwa kinakwama.

Basi nikaacha kuongea. Naandika ubaoni, wao wananakili, kengele inalia, natoka. Nikirudi nyumbani sikai. Nazunguka Baba Dogo yote, napita viwandani mpaka mabawabu wakaanza kunisalimia kama mfanyakazi mwenzao. Kila Ijumaa nafungasha begi niondoke, kila Jumapili shangazi analifungua. Na barua za nyumbani? Baba, mama, naendelea vizuri sana.

Sasa, pale shuleni kulikuwa na kile kibao cha mbao chenye kamba. Mnakijua, wengi wenu mmekivaa. Mtoto akisikika anaongea Kiswahili au lugha ya kwao anavishwa shingoni, naye anamvizia mwingine ili amvishe. Atakayebaki nacho jioni anachapwa. Kwetu sikuwahi kukiona kitu hicho. Mwalimu mkuu alinikabidhi siku ya kwanza, akasema kukitunza ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Nami nikakipenda, nasema wazi mbele zenu. Kilikuwa kinawanyamazisha. Aliyenicheka asubuhi nilimngojea jioni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mandazi nje ya ua wa shule. Saa nne nilikuwa naenda kwake, wala si kwa njaa. Nilikuwa naenda kuongea Kiswahili. Siku moja tumezama kwenye maongezi, nageuka, msichana wangu mmoja wa darasa la sita amesimama pale, kibao shingoni. Tulipoingia darasani alikuja mbele, akakivua, akakiweka mezani kwangu. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, kwamba amenisikia na sasa ni zamu yangu.

Kwa sheria ya shule alikuwa sawa kabisa. Mimi nilimchapa viboko vitano. Nilijiambia ni kwa ajili ya adabu. Ilikuwa aibu tu, ndugu zangu, na niliijua hata mkono ukiwa bado juu.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Naita majina, nikifika kwake narukia linalofuata. Siku ya nne shangazi akaniambia, "Ama uende kwao, ama uache kunizunguka humu ndani, unanitia kizunguzungu."

Nikaenda. Mama yake ni mtu wa magharibi ya Kenya, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Nilimkuta mlangoni anachambua sukuma wiki. Nikaanza maelezo marefu: nidhamu, heshima kwa mwalimu, malezi ya siku hizi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu," akasema, "na mtoto alikuwa anadanganya?"

"Hapana, mama. Alisema kweli."

"Sasa mimi unanielezea ya nini? Kwani ni mimi nilichapwa? Kesho atakuja. Mwambie huko huko ulimchapia, wenzake wakisikia."

"Atakuja kweli?"

"Atakuja. Shule si yako."

Jioni ile nilifungasha begi, na wala haikuwa Ijumaa. Asubuhi nililitazama muda mrefu, kisha nikaliacha kitandani nikaenda shule.

Alikuwa ameketi mahali pake, haniangalii. Nikasema kwa Kiingereza, nikikwama hivyo hivyo, kwamba huyu alisema kweli, nami nilimchapa kwa sababu niliona aibu, na nimemkosea. Nikachukua kibao nikakivaa. Hakuna aliyecheka. Nikafundisha nacho, na kwa kuwa kilikuwa shingoni ikabidi niongee Kiingereza kutwa nzima. Nikikosea, mtoto ananyoosha mkono ananisahihisha, nasema asante, tunaendelea. Siku hiyo ndiyo nilianza ualimu.

Saa nne mwalimu mkuu akanikuta ofisini. "Mwalimu, toa hiyo kitu. Mzazi akikuona nitasema nini?"

"Sema nilishikwa."

"Nitakufuta kazi!"

"Nifute jioni, mzee. Mpaka jioni ni changu."

Hakunifuta, maana mwalimu mwingine hakuwa naye. Alininunia muhula mzima. Na hakuna mtoto wa darasa langu aliyekivaa tena, kwa sababu nilikataa kukitunza.

Namshukuru shangazi kwa kila Jumapili. Namshukuru yule mama wa mlangoni, ambaye yuko humu ndani na ameshainamisha kichwa, kwa hiyo simtaji. Na neno langu kwenu ni hili: ukimkosea mtu mbele ya watu, usimwombe radhi kando. Na akiwa ni mtoto, usimpunguzie radhi hiyo kwa sababu ni mtoto.

Yule msichana sasa yuko sekondari. Tukikutana ananisalimu vizuri. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Ninachomshukuru ni kwamba asubuhi ile alirudi darasani bila kujua kama nitasema neno. Kama angengoja kwanza niwe mwalimu mwema, jamani, angengoja sana.