Nesi Aliyeuliza Vidonge Anameza Nani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Diwani, masheikh na makatekista wetu, wafanyakazi wa zahanati, wazee wangu na wageni waalikwa, habari za mchana.

Mimi ni Mwalimu Valentina, wa darasa la tatu. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wagonjwa, katika hafla hii ya kumuaga muuguzi wetu, Bwana Amiri, ambaye mwaka huu wa 2004 amepandishwa cheo kwenda kuhesabu mashuka katika stoo ya wilaya nyingine. Tunawapongeza waliofikiri hivyo. Mtu anayejua kutibu watu, angefaa wapi pengine kama si kwenye mashuka?

Ndugu zangu, nyote mnajua kwamba mwaka 1998 nilishikwa na sonona. Mnajua kwa sababu nyote mlinitibu. Wapo walionitibu kwa kuniambia nijikaze. Wapo waliosema nina mashetani, wengine kwamba nimesoma mno, na Mzee Kaimu, yule pale, akagundua kwamba sili mihogo ya kutosha. Mzee wangu, nilikula. Nilikula mihogo msimu mzima nikiwa nimegeukia ukutani, na sikuona tofauti.

Hospitali ya Nachingwea wakanipa vidonge. Vilikuwa na sifa moja, vinaleta usingizi, na katika ukoo wetu uliojaa upendo kitu kizuri hakiliwi na mtu mmoja. Mama mkwe akawa anachukua kimoja kwa ajili ya magoti yake. Shemeji naye kimoja, maana kupalilia ufuta kulimchosha. Jirani akija kuomba chumvi, anaondoka na kidonge. Mimi mgonjwa nilibakiwa na nusu, na nani anataka kuitwa mchoyo mbele ya wakwe? Baada ya miaka miwili mkakaa kikao, mkatangaza kwamba dawa za hospitali zimenikataa.

Bwana Amiri alipofika mwaka 2001 aliuliza swali ambalo sisi wenye hekima hatukuwahi kuliuliza: "Mwalimu, hivi vidonge anameza nani?"

Akaniamuru nimeze mbele yake, kila jioni nikitoka shule, dozi kamili, miezi miwili. Mkasema nesi ana lake jambo na mke wa watu. Na niseme kweli, dawa haikusaidia kitu. Mlifurahi sana. Akanipeleka Nachingwea ikabadilishwa; ya pili ikanitetemesha mikono hata chaki haikushikika. Nikamwambia, "Bwana Nesi, niache tu." Akajibu, "Mwalimu, mwanafunzi akikosa hesabu mara mbili, huwa unamfukuza?" Nilimchukia siku ile.

Dawa ya tatu haikuwa kwenye orodha ya zahanati. Akawa anaifuata Nachingwea kila mwezi, juu ya malori ya korosho, na masika kwa miguu pale barabara inapokatika. Wiki ya sita nikamwambia mume wangu, Lukasi, kwamba mboga haina chumvi. Lukasi alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Kwa miaka minne nilikuwa sijalalamikia chakula, wala kitu chochote. Sasa nalalamika kila siku, kama mnavyonisikia.

Basi mnisaidie kuelewa. Hicho cheo kimekuja pamoja na onyo: safari nyingi zisizo na kibali. Ni kweli, alisafiri. Angetulia hapa akagawa panado, angebaki na sisi hadi kustaafu, na mimi ningekuwa nimezikwa. Sitanii. Kabla Bwana Amiri hajafika, kuna mwaka Lukasi aliacha korosho zioze chini ya miti, kwa kuwa aliogopa kuniacha peke yangu nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, barua ya uhamisho imetaja tarehe ya kuondoka. Haikumtaja atakayekwenda Nachingwea mwezi ujao. Mimi nina vidonge vya siku kumi na moja. Katika hadhara hii wapo wenzangu watatu, majina sitayasema, na mmoja wao amebakiza vya siku nne.

Bwana Amiri, nakushukuru kwa uhai wangu. Na ninyi nyote asanteni kwa kunisikiliza. Mheshimiwa, sirudi kwenye kiti changu mpaka nisikie jina.