Bi Mwamvita Sadallah na Majina Aliyokataa Kuyaandika

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwamvita Sadallah anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi ya Kata ya Mikoroshoni, Temeke. Kumi na minne ya mwisho ameitumia kwenye meza moja, mbele ya simu moja, akipokea taarifa za uhalifu kutoka kwa watu wasiotaka kujulikana. Kiti kimebadilishwa mara tatu. Simu ni ileile.

Alianza kazi mwaka 1996 akiwa mhudumu wa ofisi. Mradi wa Namba ya Siri ulipopata ruzuku ya serikali mwaka 2011, alitafutwa mtu asiye na maneno mengi. Mtendaji wa kata wa wakati huo akakumbuka kwamba Bi Mwamvita aliwahi kuomba likizo, akaolewa, akamaliza fungate Tanga na kurudi kazini, na ofisi nzima ikaja kujua miezi minne baadaye. Akapewa simu siku hiyohiyo.

Shida ya kwanza ya mradi haikuwa wahalifu, ilikuwa adabu. Mtu wa Mikoroshoni hawezi kusema na mtu mzima bila kumwamkia, kujitambulisha na kuulizia hali. Simu nyingi zilianza hivi: "Shikamoo Bi Mwamvita, mie Rukaiya wa nyuma ya kisima, mguu unaendeleaje? Sasa sikia, ila jina langu usilitaje." Bi Mwamvita aliitikia marahaba, akatoa habari za mguu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika daftarini: Mwanamke. Hakujitaja. Kwa daftari hilo mifuniko ya chemba za barabara yetu ilirudi, na wauza bangi wa nyuma ya soko walihama bila kuaga.

Ruzuku nayo ina masharti yake. Mwaka wa pili tuliambiwa mradi lazima uonekane kwa jamii, tukaagiza fulana mia moja za njano zenye maandishi mgongoni: MIMI NI MTOA TAARIFA ZA SIRI. Aliyeziagiza ni karani wa ruzuku, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, na anaomba radhi kwa mara nyingine. Bi Mwamvita alisoma mgongo wa fulana ya kwanza, akafunga boksi, akalikalia hadi saa kumi jioni. Mpaka leo ofisi yetu inadekiwa kwa fulana hizo.

Lakini siku yake kubwa ilikuja mwaka 2019. Mkaguzi wa ruzuku, Bwana Badru, alifika na fomu ya wanufaika: jina, namba ya simu, sahihi. Tunajuana sie, hata mkutano wa dakika kumi una karatasi ya mahudhurio. Bwana Badru alitaka ijazwe na watu wote mia mbili na kumi na wanne waliopiga simu mwaka ule, ndipo aamini kwamba si watu hewa. Fomu isipojaa, ruzuku inakatwa na simu inanyamaza. Karani wa ruzuku aliogopa kuliko wote, na sababu yake ataieleza.

Bi Mwamvita alisema hana majina. Mkaguzi hakuamini. Akatoka nje, akasimama kwa muuza vitumbua, akapiga namba yetu ili atupime. Sauti yake tuliisikia dirishani: "Shikamoo mama, naitwa Badru, kuna mtu anauza gongo hapa." Akarudi ndani anatabasamu, akauliza nani amepiga sasa hivi. Akajibiwa kwamba aliyepiga hakujitaja. Akasema, lakini amejitaja! Hakujitaja, mwanangu. Bwana Badru akatoa kitambulisho, akaonyesha simu yake, akaapa kwamba aliyepiga ni yeye. Bi Mwamvita akamweleza kwa upole kwamba hata mwenyewe akija kujiulizia, hapa hapewi. Mkaguzi aliketi, akacheka mpaka akavua miwani. Fomu iliondoka tupu na ruzuku ikaendelea.

Sasa ile sababu. Wiki moja kabla ya ukaguzi, mwanamume mmoja alipiga simu akiwa ameziba mdomo kwa leso. Alisema mita za maji zilizoibwa mtaani zimefichwa kwenye banda la kuku la bwana mmoja aitwaye Cyprian. Mita zikakutwa. Cyprian alikaa ndani miezi sita, na siku hizi anatengeneza mageti Tegeta na anaendelea vizuri. Ila dada yake hajasamehe. Kila sikukuu, mbele ya pilau, humwapiza aliyemchoma kaka yake kwa polisi, na mume wa dada huyo huitikia amina.

Bi Mwamvita aliandika: Mwanamume. Hakujitaja. Ana mafua. Sauti hiyo alikuwa ameisikia kutoka meza ya pili ya ofisi yetu kwa miaka minane. Kesho yake karani wa ruzuku alikuta kikombe cha chai ya tangawizi mezani pake. Hakuwa na mafua. Hakuulizwa kitu siku ile, wala wiki ile Bwana Badru alipotaka majina, wala mpaka leo. Aliinywa chai yote, machozi yakamlenga, akasingizia tangawizi.

Bi Mwamvita, daftari tunabaki nalo sisi na halina jina hata moja. Yote unaondoka nayo wewe kichwani. Tunakushukuru kwa kila nyumba ya Mikoroshoni iliyolala kwa amani, na kwa kila ndoa. Tunakuombea pumziko la raha, mguu upone, na simu ikilia iwe ya wajukuu tu.

Ila mzigo huo ni mkubwa kwa mstaafu, basi naomba nikupunguzie jina moja. Sasa unaweza kuliandika: Ferdinand Marselino, karani wa ruzuku.

Herieth mke wangu, najua uko ukumbini kwenye hafla hii ya kumuaga na unasoma. Tutaongea nyumbani.