Vifo Kabla ya Bei ya Ng'ombe

Pale Mill Fork, Kansas, kijiwe hakikai barabarani, baridi ingewamaliza wazee wake. Kiko ndani ya kituo cha mafuta, kwenye benchi kando ya mashine ya kahawa, na ukutani kuna misumari ya kutundikia vikombe, kila mtu na chake. Ijumaa ile wazee watatu walikaa wakikikwepa kwa macho kikombe cha nne, cha Wendell Koch, kilichoning'inia kikavu. Wendell alikuwa amemzika mkewe Lavonne Jumanne, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda. Aliyeumia zaidi ni Verlin. Yeye ndiye aliyetangulia kununua redio ya setilaiti, ile ya kulipia yenye nyimbo tupu bila habari za mji, akaisifia hapo kijiweni mpaka wenzake nao wakafunga kwenye magari yao. Wendell peke yake alikataa. "Nikiihama redio ya mji," alisema, "nitajuaje nani kafa?" Walimcheka sana siku hiyo.

— Mimi nimejua kwa kuona udongo mbichi makaburini, alisema Duane, ambaye walimwita Injini kwa sababu akishawaka hazimiki. Napita na gari, naona jina la Lavonne. Nusura niingie mtaroni!

— Si Wendell angepiga simu tu? aliuliza Verlin.

— Simu ya kualika mazishi? Umeona wapi, bwana wee? Tangu enzi za baba zetu msiba unapelekwa redioni, unasomwa asubuhi kabla ya bei ya ng'ombe. Ukishasomwa, watu wote wameambiwa.

— Lakini sisi tulijua Lavonne yuko hospitali Wichita, na anaendelea vizuri.

— Ndiyo hivyo. Akaendelea vizuri mpaka akafa.

Orrin, waliyemwita Hakimu, alikohoa. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, ila alipenda kutoa hukumu.

— Hii ni njama. Yule mtangazaji siku hizi anasoma vifo kwa kunong'ona. Makusudi kabisa! Watu wakiwa wachache, nyama ya nguruwe na viazi vya chakula cha msiba pale kanisani wanagawana wenyewe.

— Acha fiksi, Hakimu, alisema Verlin. Umemsikia lini akinong'ona, na wewe una setilaiti?

— Nasikia watu wanasema.

— Mimi nawaambia ni kampuni kubwa za ngano, alidakia Injini. Wanatujazia nyimbo masikioni tusijue bei wala nani kafa. Mwisho watakufa majirani wote, sisi tunaimba tu, siku moja unashuka kwenye trekta unakuta mji mzima umebaki wewe!

Siku nyingine wangecheka. Verlin aliona midomo ya Hakimu ikijaribu, ikashindwa.

— Setilaiti haina kosa, alisema Verlin, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. Haina matangazo, haikwaruzi, unatoka hapa mpaka Denver haikatiki.

— Na huko Denver nani anakujua, Verlin? aliuliza Injini.

Mlango ulifunguka, upepo ukaingia pamoja na Marlys, binti wa Wendell. Wazee wakavua kofia zao kwa pamoja.

— Pole, mwanangu, alisema Hakimu. Pole sana. Hatukusikia.

— Baba alimzuia mchungaji asianze, alisema Marlys. Akawa anaangalia mlango. Anasema, subirini kidogo, wenzangu wako njiani.

Verlin aliona aibu mpaka akatamani benchi limmeze.

— Kanituma niwaulize kitu, na si kwa ubaya. Jumatatu asubuhi, mama aliposomwa redioni, nyinyi mlikuwa mnasikiliza nini?

Hakimu alitazama viatu vyake. Verlin alijitahidi kweli kukumbuka. Jumatatu alikuwa garini, anapeleka majani kwa ng'ombe, redio inaimba, wimbo baada ya wimbo, safi, bila kukwaruza. Alitafuta hata mstari mmoja, hata sauti ya mwimbaji kama ni ya mwanamume au mwanamke. Hakupata kitu.

Marlys alisubiri kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akakitoa kikombe cha baba yake msumarini, akakifunga kwenye skafu yake.

— Basi nitamwambia hamkumbuki, alisema. Kahawa atakunywa nyumbani.